Huruma Tunayo, Nafasi Je? Kuwakubali Watu Wenye Usonji Mombasa

Mombasa haina uhaba wa huruma. Mama akipanda matatu ya Kisauni na mtoto anayepunga mikono na kuguna, atapishwa kiti, ataombewa dua, na pengine mzee aliyeketi kando atamtia mtoto noti ya shilingi hamsini mkononi. Mama huyohuyo akienda kumwandikisha mtoto shule, ataambiwa nafasi zimejaa. Akialikwa harusi, atashauriwa kwa upole amwache mtoto na dada wa kazi, "asije akasumbuka." Akitafuta nyumba ya kupanga, mwenye nyumba atataka kujua zile kelele za usiku ni za nini. Na wanaomfungia milango hivyo ni watu wema, haohao waliompisha kiti.

Sidhani shida yetu ni roho mbaya. Nadhani tumechanganya mambo matatu: kuponya, kuhurumia na kukubali. Anayetaka kuponya anasubiri mtoto awe kama wengine, ndipo aingie kundini. Anayehurumia hasubiri kitu, kwa sababu ameshakata tamaa. Anayekubali anamwingiza mtu leo, alivyo, na waliomo ndani wanajisogeza kumpa nafasi. Huko kujisogeza ndiko kusikozungumzwa, na ndiko nitakakokaa nako hapa.

Usonji ni nini hasa

Usonji ni namna ubongo unavyokua na kufanya kazi tangu mtoto yumo tumboni. Hauambukizwi, na hauishi mtu akifikisha miaka kumi na minane. Mwongozo wa utambuzi unaotumiwa sana na madaktari, uliotolewa Marekani mwaka 2013, hutazama pande mbili. Upande wa kwanza ni mawasiliano na mahusiano na watu. Wa pili ni mwenendo: kurudiarudia jambo, mazoea yasiyotaka kuvunjwa, mapenzi makubwa ya kitu kimoja, na hisi zinazopokea kupita kiasi au chini ya kiasi. Mwongozo huo ndio uliofuta migawanyo ya zamani, ikiwemo ile iliyoitwa Asperger, na kuweka yote chini ya jina moja pana.

Upana huo huwachanganya wengi. Kuna kijana wa miaka ishirini asiyetamka neno na anayehitaji kuvalishwa shati. Kuna mhasibu katika ofisi za Moi Avenue anayezungumza lugha tatu, na kila jioni hufika nyumbani akajifungia chumbani gizani saa mbili nzima, maana taa za ofisi na porojo za wenzake zimemmaliza. Wote wawili wana usonji. Hatuwezi kusema mmoja anao "mwingi" na mwenzake "kidogo", kwani yule mhasibu anaweza kukwama mahali ambapo yule kijana hakwami kabisa.

Husikika sana siku hizi kwamba haya ni maradhi ya simu na katuni. Mwaka 1925, wakati hakuna nyumba yenye televisheni, daktari Grunya Sukhareva wa Moscow alikwishaeleza wavulana sita ambao leo wangetambuliwa mara moja. Leo Kanner, anayetajwa zaidi, aliandika juu ya watoto 11 huko Baltimore mwaka 1943. Watu hawa walikuwepo daima. Hata hapa Pwani kila mtaa ulikuwa na mtu wake "wa ajabu ajabu" aliyejua tarehe ya kuzaliwa ya kila mtu.

Habari ya chanjo nitaipita haraka. Mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliandika kuhusu watoto 12 akaihusisha chanjo ya surua na usonji. Jarida lililochapisha andiko lake lilikuja kulifuta mwaka 2010, na mwaka huohuo akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Utafiti wa Denmark uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, uliotoka mwaka 2019, haukukuta uhusiano wowote. Anayemnyima mtoto chanjo kwa hofu hii hamkingi na usonji. Anamwachia surua mlango wazi.

Chanzo kikubwa ni urithi. Utafiti wa mwaka 2019 uliokusanya taarifa za watoto zaidi ya milioni mbili katika nchi tano ulikadiria kwamba karibu asilimia 80 ya sababu zinatokana na vinasaba. Nalitaja hili kwa ajili ya akina mama. Kila baraza la mtaa lina mtu wa kusema "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," na mamake mtoto yuko pale pale anasikia. Nchi za Magharibi nazo zilipitia aibu hiyo: miaka ya hamsini na sitini madaktari walidai usonji unaletwa na mama mwenye moyo baridi, asiyempenda mwanawe. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mwana mwenye usonji, aliivunja hoja hiyo mwaka 1964. Ni zaidi ya miaka sitini sasa, na mama wa Majengo bado anaulizwa alikula nini alipokuwa mjamzito.

Je, ni wangapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Gawanya mwenyewe, utapata zaidi ya watu 9,000. Sensa hiyohiyo iliuliza juu ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Usonji haukuwa na swali lake. Hao elfu tisa wako wapi? Wengine wamo madarasani wakiitwa wazembe. Wengine ni wasichana walioitwa wapole, kwa kuwa msichana asiyesema sana kwetu husifiwa, na hakuna anayeuliza anajificha nini. Wengine wako ndani, nyuma ya pazia, na majirani hawajui kama nyumba ile ina mtoto wa tatu.

Hukumu ya mlangoni

Pwani mtu hupimwa kwa salamu. Mtoto akiingia nyumba ya watu hutakiwa atoe shikamoo, aubusu mkono wa bibi, aulizwe hali naye ajibu. Mtoto mwenye usonji huenda akapita moja kwa moja hadi kwenye feni, akasimama chini yake akiitazama inavyozunguka, na uso wake ukajaa furaha. Kabla hajafika kwenye feni hiyo hukumu imeshapita: hana adabu, na mamake hakumfunza.

Hukumu za namna hii zimechunguzwa. Mwaka 2017 Noah Sasson na wenzake, huko Marekani, waliwaonyesha watu video fupi za watu wenye usonji na wasio nao wakijieleza. Sekunde chache tu zilitosha: watazamaji waliwashusha wenye usonji, wakasema hawangependa kuzungumza nao wala kuketi karibu nao. Lakini waliopewa maneno yaleyale yameandikwa, bila sura wala sauti, hawakuona tofauti yoyote. Yaliyosemwa hayakuwa na kasoro. Kilichokataliwa ni lafudhi ya mwili: macho yanakotazama, sauti inavyopanda na kushuka, mikono inavyokwenda.

Ndipo inapokuja hoja ya Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji. Mwaka 2012 aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili. Tumezoea kusema mtu mwenye usonji hasomi hisia za watu. Ni kweli kwamba mara nyingi hazisomi zetu, nasi vilevile hatuzisomi zake, lakini ni yeye peke yake anayepelekwa kliniki. Watafiti wa Edinburgh walilijaribu jambo hili kwa ule mchezo wa kupokezana habari, mtu akimsimulia mwenzake hadi wa mwisho. Katika matokeo ya mwaka 2020, kundi la wenye usonji watupu lilipokezana vizuri sawa na kundi la wasio nao. Habari zilipotea zaidi pale walipochanganywa. Walipolirudia kwa watu wengi zaidi, matokeo yaliyotoka 2025 hayakuonyesha tofauti hata kwa waliochanganywa. Ukitazama majaribio yote mawili, dai la kwamba mtu mwenye usonji hawezi kuwasiliana halisimami.

Sasa turudi kwenye mkono wa bibi. Nimemwona bibi mmoja wa Mji wa Kale akilimaliza suala hili bila semina. Alikuwa ameketi mezani anamenya viazi vya karai. Mjukuu aliingia akapita bila neno. Bibi hakumwita. Aliweka kiganja chake cha kushoto mezani, wazi, akaendelea kumenya kwa shida kwa mkono mmoja. Muda ulipita, chai ikaanza kupoa. Mtoto akaja, akakigusa kile kiganja kwa ncha ya kidole, akaenda zake. "Marahaba, mwanangu," bibi akajibu, kwa sauti ileile anayowajibia wajukuu wengine. Heshima ilitolewa na heshima ikapokelewa. Huo ndio mfano bora wa kukubali nilioushuhudia.

Deko na kuzidiwa

Nenda kivukoni Likoni saa kumi na moja jioni. Feri inakadiriwa kuvusha watu 300,000 kwa siku, na wakati huo utadhani wote wamesimama hapo. Joto, honi, moshi wa magari, wauza karanga, jasho la watu, mkoba wa mtu unakusukuma mgongoni. Mtoto wa miaka saba anaziba masikio, anaanza kujiuma mkono, kisha anajitupa chini na kupiga ukelele. Watu wanakuwa na dawa kila mmoja. "Mamangu, mchape kidogo tu, atanyamaza." Mwingine anamnyunyizia maji. Mwingine anamsomea Ayatul Kursi sikioni, kwa sauti kubwa, katika sikio ambalo tayari limejaa. Kijana anatoa simu anarekodi.

Wengi hapo wanaona deko. Deko na kuzidiwa hufanana kwa kelele, lakini mzizi wake ni mbalimbali. Mtoto anayedeka ana anachokitaka na ana anayemtazama. Humchungulia mamake kuona kama moyo umelegea, na akipewa biskuti mambo yamekwisha. Aliyezidiwa hataki kitu. Ukimpa biskuti ataitupa. Ubongo wake umepokea mengi kuliko unavyoweza kuyapanga, na mwili umechukua usukani. Kumchapa ni kumwongezea maumivu juu ya yale yaliyomwangusha. Wanaopenda kusema "samaki mkunje angali mbichi" wakumbuke pia kwamba viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya tangu mwaka 2001, hata kwa mtoto asiye na usonji.

Kinachosaidia ni kidogo, na hakuna anayeshindwa nacho. Rudini nyuma hatua tatu. Nyamazeni. Mwacheni mtu mmoja tu, anayemjua, amsemeshe kwa maneno machache. Msimshike, isipokuwa yuko karibu na maji au gari. Muulizeni mama, "Nikusaidie nini?" kisha mfanye anachosema, hata kama ni kushika mfuko wake wa mboga tu. Na weka simu mfukoni. Video ile itamfuata mtoto maisha yake yote. Kivukoni penyewe, kumpitisha mama kama huyu mbele kabla umati haujafunguliwa kunahitaji askari mmoja aliyeelezwa vizuri. Hakuhitaji feri mpya.

Majini, kombe na hospitali

Sitawakejeli waganga, na sitawakejeli wazazi wanaowaendea. Utafiti wa watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, huko Kilifi, uliochapishwa mwaka 2015 baada ya kuzungumza na wazazi na wataalamu wa Pwani, ulikuta maelezo mawili yakiishi pamoja katika nyumba moja. Upande huu majini, uchawi na laana. Upande huu uzazi mgumu, maradhi na urithi. Na matibabu yalifuata njia zote mbili. Mzazi aliyezungushwa hospitali bila kupewa jina la kinachomsibu mwanawe ataenda kwa anayempa jina, na mganga ana jina tayari.

Dua na kisomo humtuliza mzazi, na mzazi mtulivu ni neema kwa mtoto. Shida huanza pale mtoto anapofanywa makazi ya kitu kiovu. Ukishaamini kuna jini ndani yake, hutamsikiliza tena. Kila akilia ni jini linalia. Nyumba nyingine huuza hadi mbuzi wa mwisho kwa kafara na makombe, yale maji ya aya zilizoandikwa sahanini, miaka inapita, na mtoto hajawahi hata kupimwa masikio. Jambo moja lisicheleweshwe kabisa: watoto wengi wenye usonji wana kifafa pia. Mtoto akianguka na kutetemeka, au akikodoa macho bila kuitika, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kifafa kina dawa. Usonji hauna dawa ya kuuondoa, na anayekuuzia vidonge au maji ya "kusafisha ubongo" anakuibia, na huenda akamdhuru mtoto.

Msimnyang'anye Kiswahili

Hili linaniuma, kwa hiyo mnistahimili. Kuna watoto hapa mjini wanaosema Kiingereza cha katuni ndani ya nyumba ambayo bibi hasemi hata neno moja la Kiingereza. Mtoto anakariri tangazo zima kwa lafudhi ya Marekani, lakini hajui kuomba maji kwa Kiswahili. Wazazi huambiwa, mara nyingine na wataalamu wenyewe, wachague lugha moja ili "wasimchanganye," na lugha inayotupwa ni ya nyumbani.

Tafiti zilizolinganisha watoto wenye usonji wa lugha mbili na wa lugha moja hazikukuta kwamba lugha ya pili inawachelewesha. Kinachopotea ukiondoa Kiswahili kinaonekana kwa macho. Mtoto hawezi kumwelewa babu. Hawezi kwenda dukani kwa Mpemba kununua mkate. Chuoni, kwenye madrasa, haelewi ustadhi anachokitaka. Wenzake wanacheza kibe nje, naye anawasikia kama watu wa redio isiyoshika vizuri. Umemtenga kwa nia njema.

Na yale maneno ya katuni yasidharauliwe. Watoto wengi wenye usonji hujifunza lugha kwa vipande vizima kabla ya neno mojamoja. Akisema sentensi ya katuni kila anapoogopa, basi hiyo ndiyo namna yake ya kusema "naogopa." Mjibu hofu, na mpe sentensi ya Kiswahili ya kuweka kando yake.

Kwa asiyesema kabisa, kuna picha. Kadi za kikombe, choo, embe, "basi inatosha." Wazazi huogopa kwamba akizoea kadi hatasema tena. Ushahidi uliopo hauungi mkono hofu hiyo. Kwa watoto wengine kadi huufungua hata mdomo. Chora zenye vitu vyake: mahamri, kanga ya mama, tuktuk. Kadi zilizochapishwa ng'ambo zenye theluji na mkate wa maboksi hazimwambii kitu mtoto wa Likoni.

Kuwekwa darasani na kuwa mwanafunzi

Mombasa ina historia ya elimu ya watu wenye ulemavu. Likoni kuna shule ya wasioona, Port Reitz kuna shule ya wenye ulemavu wa viungo, na karakana za Bombolulu zimekuwa zikiwapa watu wenye ulemavu kazi tangu 1969. Nchini kote kuna vituo vya serikali vya kutathmini mahitaji ya watoto kielimu, vilivyoanzishwa mwaka 1984. Lakini shule zile zilijengwa kwa ulemavu unaoonekana. Mtoto mwenye usonji ana macho mazima na miguu mizima, anakimbia kuliko wenzake, na mwalimu anamtazama na kusema, "Mbona huyu mzima?" Basi akishindwa kuketi, anahesabiwa mtundu.

Sheria haina utata. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, kutotajwa kwa namna ya kumdhalilisha, na kuingia katika taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii. Kenya iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 imebadilishwa na mpya ya mwaka 2025. Kamati inayosimamia mkataba ule ilifafanua mwaka 2016 jambo ambalo shule zetu zinahitaji kulisikia: kumwingiza mtoto katika shule ya kawaida na kumtaka ajifinyange alingane nayo hakujawa kumjumuisha. Kujumuisha ni shule yenyewe kubadilika.

Ninayajua majibu ya walimu, na sina haki ya kuyapuuza. Darasa lina watoto sitini, mwalimu ni mmoja, msaidizi hakuna. Kumtupa mtoto mwenye usonji katika darasa hilo bila msaada na kuliita jumuishi ni ukatili wenye jina zuri. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka vitengo maalumu vya watoto hawa shuleni vifungwe kesho. Vibaki, lakini visiwe ghala. Mtoto wa kitengo aimbe wimbo wa taifa na wengine, ale na wengine, na kwa somo analoliweza aingie darasani na wengine.

Mengi yanayomsaidia hayangojei bajeti. Akae karibu na mlango, mbali na kengele. Ratiba ya siku ichorwe ubaoni kwa picha, maana asiyejua kinachofuata huishi katika wasiwasi. Akishindwa na kola ya sare, avae fulana ya rangi ileile. Wanafunzi wenzake waelezwe waziwazi, yeye akiwa anajua kwamba wanaelezwa. Watoto huelewa haraka kuliko kamati za wazazi. Chuoni nako vivyo hivyo: wako wanaoshika sura nzima kwa kuisikia mara chache, na wako wasioweza kustahimili watoto arobaini wakisoma kwa pamoja. Ustadhi anayempa mtoto wa pili dakika kumi peke yake baada ya alasiri amefanya kazi kubwa.

Kumkubali hakuzuii kumfunza

Wazazi huniuliza: nikimkubali alivyo, si maana yake nimwache tu? La. Kumfunza kunaendelea, linalobadilika ni unachochagua kumfunza na sababu yake. Nyumba nyingine hutumia miezi kumzuia mtoto asipunge mikono, kwa kuwa wageni wanatazama. Mikono ile haimuumizi mtu, na mara nyingi ndiyo inayomtuliza. Miezi hiyohiyo ingetosha kumfunza kutumia choo, kuvuka barabara, kutaja namba ya simu ya mama, na kusema "sitaki" kwa mtu anayemgusa vibaya. Hilo la mwisho ni zito. Mtoto aliyefunzwa kutii kila mtu mzima bila swali hana kinga.

Watu wazima wenye usonji wametuambia kwa miaka mingi gharama ya kujificha: kukaza macho usoni pa mtu huku yanawaka, kucheka wenzao wanapocheka, kufanya mazoezi ya mazungumzo usiku. Wanaoweza hupongezwa kwamba wamepona, kisha wanaporomoka faraghani kwa uchovu na huzuni.

Na hapa kwetu liko somo moja ningeliweka juu ya yote. Mombasa ni kisiwa, na watoto wengi wenye usonji hupenda maji na hupenda kutoroka. Marekani imeonekana wazi kwamba kuzama ni moja ya sababu kubwa za vifo vyao. Mfunze kuogelea mapema, kabla hata ya kuandika jina lake. Waambie majirani, walinzi na vijana wa maskani: akionekana peke yake anaelekea ufuoni, asiachwe apite.

Watoto hukua

Kila tarehe 2 Aprili, siku iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007, fulana huvaliwa na picha za watoto hubandikwa. Mtu mwenye usonji wa miaka thelathini na tano haonekani kwenye picha hizo. Swali linalowaamsha wazazi usiku ni moja: nikifa, nani atakaa naye? Jibu la kawaida ni "ndugu zake," na mara nyingi ndugu hao hawakuwahi kuulizwa. Waulizwe mapema. Waandike pamoja anakula nini, anaogopa nini, dawa zake ni zipi, nani mtaani anamwamini. Aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu apate kadi yake, kwa sababu bila hiyo hatambuliki kwenye misamaha wala misaada ya serikali.

Kwa wanaoweza kufanya kazi, mlango mgumu ni usaili. Katiba inataka angalau asilimia tano ya nafasi za uteuzi na uchaguzi katika vyombo vya umma zijazwe, hatua kwa hatua, na watu wenye ulemavu. Lakini jopo la watu watano likimkazia macho mtu na kumwambia "tueleze kidogo kuhusu wewe," limeshampima kwa kitu ambacho kazi yenyewe haikihitaji. Huyu ndiye angekaa na ankara za shehena bandarini akaliona kosa la tarakimu moja lililompita kila mtu. Mwajiri anaweza kumpelekea maswali siku moja kabla. Anaweza kumpa kazi halisi ya saa moja aifanye mbele yake badala ya kumhoji. Akishamwajiri, ampe maagizo kwa maandishi, meza iliyo mbali na mlango, na ruhusa ya kula chakula chake cha mchana peke yake bila kuulizwa kama amekasirika.